Tupeane uzoefu: matairi ya Altezza, Impreza na gari nyingine za spoti zilizokula umri

Mwanzisha mada

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa wenye gari za spoti za Kijapani zenye miaka 20 na kuendelea. Swali ni moja: tairi gani, saizi gani, na kwa nini. Tuandike vipimo na sababu, ili anayekwenda dukani kesho ajue la kuuliza. Kusema tu "hili tairi ni kali" hakumsaidii mtu.

Naanza na Altezza ya Toyota, yenye matoleo ya RS200 na AS200. RS200 nyingi zilitoka kiwandani na rimu ya inchi 17, upana inchi 7, ofseti 50 (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaokaa kwenye gari), tairi 215/45R17, yaani upana milimita 215, ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu inchi 17. AS200 nyingi zina 205/55R16. Kimo cha tairi la kwanza ni kama milimita 625, la pili 632, kwa hiyo ukihama kutoka moja kwenda jingine spidomita haidanganyi kwa kiasi cha kukuumiza. Tofauti kubwa iko ubavuni: 205/55 ina ubavu wa milimita 113, 215/45 ina 97. Hizo milimita 16 ndizo zinazookoa rimu ukiingia shimo ambalo hukuliona kwa sababu lilijaa maji.

Kwa hiyo gari la kila siku, hasa linalopita barabara zilizochimbika, nalishauri 16. Kwanza ijaribu rimu yenyewe kwenye hapu ya mbele (kitovu gurudumu linapofungwa), uizungushe kwa mkono, uhakikishe haigusi kalipa (kibanio cha breki). Anayetaka usukani ujibu haraka abaki na 17 ya kiwandani. Ya 18 siishauri. 225/40R18 ina ubavu wa milimita 90 tu, gurudumu linakuwa zito, shokapu zilizochoka zinashindwa kulituliza, na tairi linarukaruka kwenye kona yenye matuta badala ya kushika lami.

Fundi Rimu

Mkuu umeanza vizuri. Naongezea kitu kinachopuuzwa sana: tarehe. Tafuta ubavuni maandishi ya DOT, mwishoni kuna tarakimu nne ndani ya duara refu. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarehe iko upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo kama huioni, geuza. Kwa gari la spoti tairi jipya lililokaa stoo zaidi ya miaka mitatu mimi silinunui, na likishatimiza miaka mitano tangu litengenezwe, likaguliwe kila mwaka hata kama kashata (vitalu vya mpira vinavyogusa lami) bado ni ndefu. Mpira hukauka. Ukilikunja kwa kidole kati ya kashata utaona nyufa nyembamba kama nywele chini ya mtaro. Tairi la namna hiyo kwenye lami kavu utaliona zima, mvua ikianza ndipo linapoteleza.

La pili, matairi ya mitumba kutoka Japani. Kuna mengi yameandikwa STUDLESS ubavuni, au yana alama ya mlima wenye theluji. Hayo ni ya baridi. Kashata zake zimekatwakatwa vijistari vingi vyembamba kama mawimbi, na mpira wake ni laini ili ushike kwenye barafu. Kwenye joto la Dar au Mombasa kashata zinayumba, breki inakuwa ndefu na tairi linaisha upesi. Gari lenyewe linaweza kushuka bandarini likiwa nayo, kwa hiyo uliyeagiza gari soma ubavu kabla ya kitu kingine chochote. Hata yawe na kashata nzima, yatoe.

Mama Boksa

Kwa wenzangu wa Subaru, kanuni ya kwanza ni kwamba matairi yote manne yawe ndugu: kampuni moja, modeli moja, saizi moja, na yameisha sawa. Impreza nyingi zinazungusha magurudumu yote. Tairi moja likiwa dogo kuliko mengine, difu ya katikati (gia inayogawa nguvu mbele na nyuma) inafanya kazi muda wote hata kwenye barabara iliyonyooka. Kwenye manyuo kuna kiunganishi cha mafuta mazito ndani ya hiyo difu, kinapata joto mpaka kinakaza. Kwenye otomatiki zinazoungua ni klachi za kupeleka nguvu nyuma. Dalili ni gari kukaza na kurukaruka ukikata kona kali polepole, kwa mfano unapopaki.

Kipimo cha Subaru ni mzunguko wa tairi usizidiane kwa zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6.4. Tofauti ya milimita 1 kwenye urefu wa kashata inaleta karibu milimita 6.3 za mzunguko. Kwa hiyo ukipasua tairi moja, na mengine matatu yameisha kwa milimita 2 au 3, moja jipya halitoshi. Tafuta lililoisha sawa nayo, au nunua manne.

Spea nyembamba je? Kwenye otomatiki nyingi za zamani kuna sehemu ya fyuzi ndani ya boneti imeandikwa FWD. Chomeka fyuzi hapo, gari litavuta kwa mbele tu, kisha weka spea nyuma. Ukifika, rudisha tairi la kawaida na uitoe hiyo fyuzi.

Angalizo la rimu: WRX (Impreza ya turbo) ya kawaida ya umbo la 2000 hadi 2007 ina nati tano kwenye duara la milimita 100, lakini STI, toleo lake kali zaidi, kuanzia modeli za 2005 ni 114.3. Na STI yenye kalipa za Brembo haikubali rimu ya 16, ndogo kabisa inayoingia ni 17.

Kona Kavu

Naomba kuuliza. Rimu ya 17 upana 7, naweza kuweka 225/45 badala ya 215/45?

Fundi Rimu

Inakubali, mdau, ila iko mwisho wa kiwango. 225/45R17 inapimwa kwenye rimu ya 7.5. Kwenye 7 ubavu unabinuka nje kidogo na usukani unachelewa kujibu, yaani unalipia upana usioufaidi. 215 inapimwa kwenye 7 hiyohiyo. Baki nayo.

Ukitaka kubadili rimu, piga hesabu kwanza. Kutoka upana 7 ofseti 50 kwenda upana 8 ofseti 38, rimu inatoka nje milimita 24.7 na kuingia ndani milimita 0.7 tu. Ndani hutagusa kitu, ila nje tairi linaweza kula ukingo wa fenda, hasa ukibeba watu nyuma.

Na tundu la katikati: hapu ya Toyota ni 60.1, ya Subaru 56.1, rimu nyingi za dukani ni 73.1. Bila pete ya kujazia hapo katikati gurudumu linakaa kwa kutegemea nati peke yake, na usukani unaanza kutetemeka ukikaribia 100. Watu wanabalansi mara nne bila kupona, kumbe ni pete. Nati nazo haziazimani, Toyota ni 12 kwa 1.5, Subaru 12 kwa 1.25 (unene wa boliti na nafasi kati ya nyuzi, kwa milimita). Ukilazimisha unaua nyuzi za boliti.

Nyuma Endesha

Kuhusu aina ya mpira, soma TREADWEAR ubavuni, yaani kipimo cha tairi linavyodumu. Tarakimu ndogo kwa kawaida ni mpira laini unaoshika zaidi na kuisha mapema. Kwa mfano tairi la Advan AD08R ni 180, Potenza RE003 ni 220, Pilot Sport 4 ni 320. Kila kampuni inajipimia yenyewe, kwa hiyo ilinganishe zaidi ndani ya kampuni moja.

Kwa gari la barabarani la nguvu farasi 200 hivi, kati ya 220 na 340 panatosha. 180 kushuka chini mengi ni matairi yanayoelekea kiwanja cha mbio: yanataka yapate joto kwanza, na mitaro yake ni michache, kwa hiyo mvua ya masika utaelea juu ya maji. Ukiona TRACTION AA, hiyo ni breki ya kunyooka kwenye lami iliyolowa, haisemi lolote kuhusu kona wala kuelea.

Kama bajeti ni ya mawili tu, mapya yaende nyuma, hata kwa gari linalovuta mbele. Nyuma ikiteleza kwenye maji, madereva wengi hawairudishi. Kwa Subaru rudini kwa Mama Boksa.

Upepo Baridi

Kabla ya kufunga tairi la bei, gari linyanyuliwe. Altezza ianze na boljointi za chini za mbele, kisha bushi na shokapu. Tairi lililoisha kwa mabaka ya kupanda na kushuka ni shokapu. Lililoisha bega la ndani peke yake ni alaimenti (pembe za magurudumu), na gari lililoshushwa springi huwa hivyo. Mabega yote mawili, upepo mdogo. Katikati, upepo mwingi.

Alaimenti iwe ya magurudumu manne, maana gari zote hizi mbili nyuma inarekebishika. Dai karatasi ya vipimo vya kabla na baada.

Upepo pima asubuhi gari halijatembea. Kibandiko kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kimeandikwa kPa: gawanya kwa 6.9 upate psi, 230 ni kama 33. Usipunguze upepo mchana tairi likiwa la moto, usiku utajikuta chini ya kipimo.

Fundi akifunga, hakikisha neno OUTSIDE liko nje, au kama tairi lina mshale, unaonyesha upande linakozunguka gari likienda mbele. Nati za Altezza kazia kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), Nm 103, kwa mtindo wa nyota, urudie baada ya kilomita 100. Kilomita 200 za mwanzo usikate kona kwa nguvu, tairi jipya lina utelezi wa kiwandani juu yake. Pancha ikiingia kwenye kashata na tundu halizidi milimita 6, izibwe kwa kiraka cha uyoga kutoka ndani. Ikiwa begani au ubavuni, tairi hilo halirudi barabarani.