Mjadala: Watoto wawili watatulea uzeeni, ama tukatwe tu kwa mshahara?

Mama Wawili, Umoja:
Jumapili tulikuwa kwa shosho Murang'a. Shosho alizaa saba, na kila mwisho wa mwezi kwa grupu ya familia ni elfu mbili mbili, inakuwa 14,000, dawa ya presha, unga, kijana wa kuchunga ng'ombe, basi imeisha. Nikarudi kwa gari nikipiga hesabu yangu. Mimi niko na wawili. Kufikisha hiyo 14,000 kila mmoja atatoa 7,000, na hiyo ni kama wote watakuwa na kazi, na kila mmoja ataoa mtu ako na mamake pia anangoja. Mwishoni mwa miaka ya sabini mwanamke wa Kenya alikuwa anazaa wastani wa watoto 8, utafiti wa 2022 ukapata 3.4. Hii maneno ya "mtoto ni pensheni" ilikuwa ya wenye saba. Kwa hivyo NSSF, ule mfuko wa serikali wa akiba ya uzeeni, wakate. Zamani ilikuwa soo mbili kwa mwezi, sai ni asilimia 6 na mwajiri anaweka ingine kama hiyo, mwenye 50,000 anaachilia 3,000. Inauma, lakini soo mbili ilikuwa mchezo. Nipingeni.

Fundi wa Githurai:
Nakupinga. Kuna kampuni nilifanyia Industrial Area miaka minne, kila mwezi nakatwa, siku naenda kuangalia akaunti napata hakuna kitu ilifika. Hiyo pesa ningenunua ng'ombe saa hii ningekuwa na boma. Ng'ombe anazaa, shilingi inakaa hapo ikiliwa na bei ya unga. Alafu wazee gani mnaongelea? Sensa ya 2019 robo tatu ya Wakenya walikuwa chini ya miaka 35. Hii ni shida ya Japani mnatuletea.

Mwalimu wa Hesabu, South B:
Fundi pole kwa hiyo ya mwajiri, huo ni wizi, lakini hapo kwa vijana umejifunga bao. Hao vijana wote watazeeka pamoja. Kuna mtafiti anaitwa Leslie, 1945 aliandika hii kitu kwa matriksi, yaani jedwali la namba (mfano wake ulikuwa wa panya, msicheke). Unagawa wanawake kwa rika, miaka mitano mitano. Mstari wa juu unaweka kila rika linazaa kiasi gani, chini yake kwa mshazari unaweka wangapi wanavuka kuingia rika linalofuata. Unazidisha hilo jedwali na idadi ya wanawake wa kila rika sasa, unapata ya miaka mitano ijayo, unazidisha tena, na tena. Ukiendelea bila kubadilisha namba, mgawanyo wa rika unatulia mahali pamoja, na haijalishi ulianza na nchi ya watoto ama ya wazee. Ni hesabu ile ile watu wa fizikia wanatumia kujua kamba itatetema vipi. Sasa punguza mstari wa juu, ule wa kuzaa, utaona uzito wote unahamia kwa wazee. Wengi hudhani jamii inazeeka juu watu wanaishi sana, hapana, kubwa ni kuzaa kupungua, na sisi huo mstari tumeupunguza zaidi ya nusu. Kilichobaki ni kungoja hao wa 20 wafike 60.

Karani wa Sako:
Mwalimu hapo sawa, lakini Mama Wawili anaruka hatua moja. Modigliani, mtu wa uchumi, alipata Nobel 1985, na moja ya kazi zake ilikuwa kusema mtu anaweka akiwa na nguvu na anakula akiba akizeeka, kwa hivyo nchi ikijaa wazee akiba inashuka. Japani ilitokea, familia zilikuwa zinaweka sana miaka ya themanini, baadaye ikashuka sana. Lakini wazee wenyewe hawamalizi akiba vile hiyo nadharia inataka. Wanaogopa kuishi kupita pesa, ama wanawekea watoto. Mwambie shosho auze robo eka ajinunulie dawa uone vile utafukuzwa. Shida yangu na NSSF si kukata, ni kwamba inakata wenye mshahara, na watu wengi hii Nairobi ni kibanda, boda na mjengo.

Mama Wawili, Umoja:
Ng'ombe wa fundi ni akiba, sijakataa. Lakini ng'ombe anataka mtu wa kukata nyasi, na huyo mtu ndiye tunasema hatakuwepo, tutakuwa wengi tunauza ng'ombe na ploti kwa vijana wachache, bei itakuwa gani? Na saa hii watoto ni wachache na sisi bado tunafanya kazi, karo ni ya wawili si ya saba. Hiyo tofauti inafaa kuwekwa mahali sasa, juu haitarudi. Lakini inaenda kwa rent na data.

Fundi wa Githurai:
Hapo kwa bei ya ploti umenigusa. Kuna ile Haba Haba ya NSSF ya watu wa jua kali, 25 kwa siku, hiyo nitajaribu juu natuma mimi mwenyewe kwa simu na meseji inarudi hapo hapo, hakuna bosi katikati. Ng'ombe siuzi.

Karani wa Sako:
25 kwa siku ni 9,125 kwa mwaka fundi. Gawa na hiyo 14,000 ya shosho ya kila mwezi uone inalisha siku ngapi.