Tupeane uzoefu: tukio gani lilikuonyesha wewe ni nani kwenye High School Musical?

Nuru_Pacha
Wakuu, habari za muda huu. Mdogo wetu kaanza kuangalia High School Musical (HSM), zile filamu za muziki za wanafunzi wa sekondari, ile ya kwanza ya 2006, mimi nilikuwa napita tu sebuleni nikajikuta nimekaa mpaka mwisho, na ya pili tukaunganisha hapo hapo. Sasa kuna jambo nataka tulizungumze. Zile kwizi za "wewe ni nani kwenye HSM" zinauliza mambo yale yale, rangi unayopenda, wikiendi unafanya nini, unavaaje. Ukisema pinki basi wewe Sharpay, ukisema vitabu wewe Gabriella, kwisha habari. Hiyo haipimi kitu. Mimi naamini unajijua siku jambo limekufika, mtu kakunyang'anya nafasi au kakupa nafasi ambayo hukuitegemea, hapo ndo utu wako unatoka. Kwa hiyo hapa tusitajiane majina matupu, leta tukio.

Naanza mimi. Mimi ni Ryan Evans, yule pacha wa Sharpay. Nina dada pacha na tumecheza dansi pamoja tangu wadogo, yeye anachagua wimbo, yeye anachagua nguo, mimi napanga hatua halafu nasimama nyuma yake kidogo upande wa kushoto. Kuna shindano lilikuwa linakaribia, akaniita akanambia kapata mtu mwingine wa kucheza naye, mrefu, watu wanamjua, kura zitakuja. Mlioona ya pili mnakumbuka pale Sharpay anapomweka Ryan pembeni ili aimbe na Troy, nyota wa timu ya basketi, kwenye onyesho la klabu ya Lava Springs. Nyumbani kila mtu alitegemea nitalia. Mimi nilipumua. Jioni ile ile nikaenda kwa kundi moja la vijana waliokuwa wanahangaika na hatua hawana wa kuwafundisha, nikakaa nao, mmoja akaniuliza "wewe hapa unaonaje, tugeuke au tubaki?" Dada yangu hajawahi kuniuliza swali hilo. Tunapendana mpaka kesho lakini ndo siku niliyojijua.

Haya, na nyie?

sindano_na_uzi
Zeke hapa. Yule wa timu ya basketi anayesimama mbele ya wenzake kantini anasema anapenda kuoka. Mimi nacheza mpira, beki, na napenda kushona. Niliwaambia wenzangu chumba cha kubadilishia nguo, kimya kikatanda, mtu akacheka, nikavaa viatu nikatoka uwanjani. Mazoezi yaliyofuata kipa kaja na jezi imechanika kwapani kaificha kwenye begi, ananong'ona "utaniwekea vizuri?" Nikamwekea. Sasa hivi timu nzima wananiletea.

BintiTaaluma
Naunga mkono hoja, kwizi zinadanganya. Mimi kila nikifanya napewa Gabriella kwa sababu nasoma sana, na mimi Gabriella simo kabisa, mimi ni Taylor, yule kiongozi wa timu ya mashindano ya kitaaluma. Gabriella ana akili lakini anaogopa kuonekana. Mimi nikiona timu haina kapteni napanga ratiba kabla hawajanichagua.

malkia_wa_jukwaa
Mimi ni Sharpay na naomba leo tuelewane. Mtu kafanya mazoezi miaka yote, kaja kwenye usaili kwa wakati, kavaa kakamilika. Wanatokea wawili, Troy na Gabriella, wamechelewa, mwalimu Darbus keshasema muda umeisha, halafu wanapewa nafasi ya kurudi kwa sababu waliimba vizuri pembeni ya piano. Ungekuwa wewe ungepiga makofi? Kazini kwetu lilinitokea hivyo hivyo, niliandaa wasilisho kwa usiku mingi, akaingia mtu mwenye tabasamu zuri akaongea dakika mbili, bosi akasema "huyu ndiye atakayetuwakilisha". Nilisimama nikauliza kwa nini mbele ya kila mtu. Watu wakaniita mbinafsi. Kuipigania kazi uliyoifanya si ubinafsi.

kijana_wa_wildcats
Dada pole kwa ya kazini ila usitusahaulishe. Sharpay na Ryan ndio waliosababisha usaili wa marudio uhamishwe ugongane na fainali ya basketi na yale mashindano ya kitaaluma ya akina Gabriella. Hiyo ni hila, si kupigania kazi.

malkia_wa_jukwaa
Na Chad je? Na Taylor? Walimtega Troy mpaka akasema Gabriella hana maana kwake, huku kamera inamrushia Gabriella kila neno anasikia. Tena hao ni MARAFIKI zao. Sharpay aliwafanyia hila wapinzani wake, wale waliwafanyia watu wanaokula nao. Mbona hao hamwaiti wabaya?

kijana_wa_wildcats
Waliomba msamaha.

malkia_wa_jukwaa
Na Sharpay mwisho wa ya pili alisimama na ile tuzo mkononi akaitangaza kwa ndugu yake Ryan. Hiyo nayo huikumbuki?

BintiTaaluma
Kwa Taylor nitamtetea lakini si kwa ile kamera, pale hapana. Tuendelee na matukio jamani.

mwanadamu_tu
Ila mnajua ile sauti ya Troy ya kuimba kwenye ya kwanza kwa sehemu kubwa si ya Zac Efron, mwigizaji wake? Aliimba Drew Seeley. Kuanzia ya pili ndo Efron anaimba mwenyewe.

kijana_wa_wildcats
Inahusiana nini na mada mkuu

Kinanda_Kimya
Inahusiana. Nilikuwa nasoma tu hapa kimya kimya ila hilo la sauti ya mtu mmoja kupewa uso wa mtu mwingine limenigusa pabaya, ngoja niseme yangu, itakuwa ndefu mnisamehe.

Mimi ni Kelsi. Yule mdogo wa kofia na miwani anayekaa kwenye piano. Natunga nyimbo za kwaya na napiga kinanda, kuongea mbele za watu siwezi, nimeshazoea hivyo na wala sikuwa naona tatizo. Kuna wimbo niliutunga baba alipokuwa anaumwa, niliuandika usiku nikiwa nimekaa karibu na kitanda chake, ni wa taratibu, una sehemu katikati ambapo sauti zote zinanyamaza inabaki besi peke yake inashuka. Baba aliusikia kabla hajaondoka, nilimwimbia kwa sauti ndogo. Mwalimu wa kwaya akaupenda akasema tutauimba kwenye tamasha.

Sasa tuna mwimbaji wetu anayeongoza, ana sauti kubwa nzuri, hilo simnyimi. Wiki ya mwisho ya mazoezi akaanza kusema wimbo umezubaa, watu watasinzia, tuuchangamshe. Akaupandisha, akauharakisha, ile sehemu ya besi akaikata akaweka makofi. Mwalimu akasema sawa jaribuni. Mimi nilisema "lakini", nikaishia hapo hapo.

Siku ya tamasha ukumbi umejaa. Mshereheshaji akashika maiki akasema "na sasa wimbo uliotungwa na…" akataja jina la yule mwimbaji. Mimi nimekaa kwenye kinanda, karatasi ziko mbele yangu, mwandiko wangu wa penseli, kona ya chini ina doa la dawa ya baba iliyomwagika ile usiku. Nikamwangalia nikitegemea atasahihisha. Akainama akapokea makofi. Halafu akanigeukia akanizungushia mkono vile, kwamba anza na ongeza mwendo. Na mimi nikaanza. Nikapiga wimbo wote kwa mwendo wake, bila kukosea hata nota moja. Watu walisimama wakashangilia.

Baadaye watu wanakunja nyaya, kaka mmoja wa besi akaja akasimama karibu, akaniuliza "huu wimbo mwanzoni ulikuwa wa taratibu, si ndiyo? Nilikuwa na kipande changu pale katikati." Nikampigia. Akaingia na besi yake pale pale, hajasahau hata neno. Waliokuwa wanabeba spika wakaziweka chini. Mmoja akauliza huu nao ni wa nani, yule kaka akanionyesha kwa kidole.

Kwenye filamu hapo ndipo Darbus anatokea kwenye giza na mambo yanabadilika. Kwangu hakutokea mtu. Video inazunguka na jina la mwenzangu na watu wanamwandikia pongezi, wengine wanamwambia wimbo umewafariji msibani. Hiyo ndiyo inayoniuma zaidi, maana ndicho nilichoutungia.

sindano_na_uzi
Nimesoma mara mbili. Pole sana dada.

Nuru_Pacha
Aisee. Pole kwa mzazi pia. Uzi sasa ni wako.

malkia_wa_jukwaa
Dada mimi ni Sharpay na nakwambia huyo si Sharpay, huyo ni mwizi. Sharpay aliuharakisha wimbo wa Kelsi ni kweli, alimdharau ni kweli, lakini hakuna siku alisema ameutunga yeye. Kesho nenda kwa mwalimu na karatasi zako za penseli, uziweke mezani, wala huhitaji kuongea sana.

mzee_wa_kwaya
Mabinti, polepoleni. Nimeimba kwaya tangu ujana wangu. Wimbo ukishaingia kwenye kwaya ni wa kwaya. Nyimbo ngapi tunaimba hatujui nani katunga? Kama watu wanafarijika kazi imefanyika. Mwanangu samehe, tunga mwingine.

BintiTaaluma
Shikamoo mzee wangu, ila hapana. Kutojulikana mtunzi ni jambo moja, kutajwa mtunzi wa uongo kwenye maiki ni jambo lingine. Kama wimbo ni wa wote kwa nini lilitajwa jina la mmoja?

mzee_wa_kwaya
Marahaba. Nimekuelewa hapo kwenye kutaja jina. Lakini kwaya zimevunjika kwa mambo madogo kuliko hayo, nimeona.

kijana_wa_wildcats
Mimi ningehama kwaya kesho asubuhi, na kinanda nabeba.

mwanadamu_tu
Usihame. Ukihama ndo umemwachia. Rekodi ile ya taratibu, weka tarehe, weka jina, sambaza. Na kila karatasi andika jina lako juu kabla hujaitoa kopi, iwe desturi.

sindano_na_uzi
Au siku ya tamasha lijalo upige taratibu tu, yeye atafanya nini? Mwenye kinanda ndo mwenye mwendo 😅

mzee_wa_kwaya
Hilo usifanye mwanangu, utawaadhibu waimbaji wote kwa kosa la mmoja.

Nuru_Pacha
Mimi ninachokumbuka ni pale Kelsi kaangusha karatasi zake, Troy anamsaidia kuziokota, anamwambia mtunzi ni kama yule mchezaji anayewatengenezea wenzake wote waonekane wazuri. Troy alielewa kwa lugha ya basketi. Na kwenye ya tatu, ya 2008, ile nafasi moja ya Juilliard, chuo cha sanaa, waliyokuwa wanaigombea yeye na Ryan na Sharpay na Troy, wakaishia kuipata wawili, Kelsi na Ryan. Mpiga piano na mpanga hatua. Dada, huyo kaka wa besi usimwache hivi hivi, huyo ni shahidi wako na ndiye Troy wako.

mama_wa_wawili
Troy kwa maana ya kuokota karatasi au kwa maana ile nyingine? 👀

kijana_wa_wildcats
Uzi umeshavuka kwenda ndoa.

dogo_wa_juzi
Samahani nauliza, sisi wa ile tamthilia ya 2019 tunaruhusiwa kuchangia?

kijana_wa_wildcats
Hapana.

Nuru_Pacha
Ruksa dogo, usimsikilize. Leta tukio.

dogo_wa_juzi
Basi nabaki na hizi za zamani, nimeziona zote. Mimi Troy. Naona mpaka sasa hakuna aliyejitaja Troy, watu wanaogopa kuonekana wanajipendelea. Lakini Troy si raha. Baba yangu ndiye kocha wangu, kama wake. Nikikosa goli nasikia uwanjani halafu nasikia tena mezani usiku. Nilipomwambia nataka kusomea uchoraji wa majengo aliendelea kukunja koni za mazoezi, hakunijibu. Mpaka leo hajanijibu, ila juzi nimekuta kaninunulia rula ndefu kaiegesha mlangoni.

mama_wa_wawili
Hiyo rula ndiyo jibu lake mwanangu. Mshukuru leo, usingoje.

mzee_wa_kwaya
Kweli kabisa. Sisi wengine hatujui kusema.

malkia_wa_jukwaa
@Kinanda_Kimya uko wapi dada, umeamua nini?

Kinanda_Kimya
Nipo, nawasoma wote, asanteni. Mzee wangu shikamoo, kusamehe nitasamehe, lakini jina nitalidai, na kwaya sihami maana marafiki wa baba wako pale. Nimemwandikia mwalimu kwamba nakuja mapema kabla ya mazoezi nina jambo, na nitakuja na zile karatasi. Kaka wa besi amesema ataingia na mimi. Ile ya taratibu nitairekodi kwa sauti yake ya asili, chini, yule mwenzangu aliupandisha ili sauti yake ing'ae pale mwisho, na huko juu besi haina pa kushukia. @mama_wa_wawili ana mke na watoto, tulia.