Uhariri wa RNA kwenye neva za nzi wa matunda: swali kutoka Moshi

Mwalimu wa Biolojia, Moshi
Habari zenu, ndugu. Nimewafundisha vijana wa kidato cha sita kwamba protini hufuata jeni herufi kwa herufi. Mmoja wao amesoma kwamba nzi wadogo wanaozengea ndizi mbivu hubadilisha herufi za RNA, yaani nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini, hasa kwenye neva. Je, hayo ni mabadiliko ya jeni, na yana athari gani?

Mtafiti, Arusha
Mwalimu, jeni haiguswi. Kimeng'enya kiitwacho ADAR hutafuta mahali ambapo RNA imejikunja ikawa nyuzi mbili, mara nyingi kipande cha introni (sehemu ya RNA inayokatwa na kutupwa) kikiwa kimeshikamana na ekisoni (sehemu inayobaki) ya jirani, kisha hugeuza adenosini (herufi A) kuwa inosini, ambayo ribosomu, kiwanda cha protini ndani ya seli, huisoma kama guanosini (herufi G). Andika ubaoni AUU, herufi tatu za RNA zinazoagiza asidi amino iitwayo isolusini, mojawapo ya matofali ya protini. Herufi ya kwanza ikihaririwa, husomwa GUU, nayo huagiza asidi amino nyingine, valini. Kwa kuwa introni huondolewa baadaye, kazi hii hufanyika mapema, ndani ya kiini cha seli.

Mwanafunzi wa uzamili, Arusha
Naomba niongezee kuhusu neva, maana hapo ndipo penye uzito. Zinazohaririwa ni pamoja na protini za milango inayopitisha sodiamu, kalisiamu na potasiamu kwenye utando wa neva, na vipokezi vya kemikali zinazopeleka ishara kutoka neva moja hadi nyingine. Si kila nakala huhaririwa, kwa hiyo neva moja huwa na mchanganyiko wa protini zinazofunguka na kufunga kwa kasi tofauti. Mwaka 2000 ilichapishwa taarifa ya nzi walioondolewa jeni ya Adar: walikua hadi utu uzima wakiwa na umbo la kawaida, lakini walitetemeka, walipooza kwenye joto, madume hayakuchumbia majike, na ubongo ukaharibika kadiri walivyozeeka.

Mwalimu wa Biolojia, Moshi
Asanteni sana. Je, uhariri huo hurithiwa?

Mtafiti, Arusha
Nakala iliyohaririwa hairithiwi, Mwalimu. Kinachorithiwa ni jeni ya kimeng'enya chenyewe, pamoja na mfuatano wa DNA unaoifanya RNA ijikunje pale pale kila kizazi. Ndiyo maana mabadiliko yakitokea kwenye introni, ambayo haimo katika protini, yanaweza kuzuia uhariri na kubadilisha utendaji wa neva.