Kengele za monita na alama za NEWS2 katika idara ya dharura: tufuate kipi?

Muuguzi wa Zamu
Ndugu wataalamu, katika idara ya dharura ninakofanya kazi tumefungiwa monita za vitandani zilizounganishwa na skrini moja kwenye meza ya wauguzi, ambayo hukokotoa papo hapo alama za NEWS2 za kila mgonjwa, yaani jumla ya alama zinazotolewa kwa vipimo kama upumuaji, mapigo na joto ili kumtambua mapema anayezorota. Kinachonitatiza ni kwamba kengele hulia usiku kucha kwa wagonjwa ambao ukiwafikia unawakuta wametulia, ilhali wiki iliyopita mzee mmoja alifikisha alama 7 bila kengele ya kitanda chake kulia hata mara moja. Tufuate kengele au alama?

Daktari wa Dharura
Ndugu muuguzi, hivyo ni vitu viwili. Kengele hukilinganisha kila kipimo na mpaka wake peke yake, lakini NEWS2, ambayo Royal College of Physicians ya Uingereza iliitoa mwaka 2017 kurekebisha ile ya 2012, hujumlisha. Mchukue mgonjwa anayepumua mara 22 kwa dakika (alama 2), mwenye oksijeni ya asilimia 95 bila kuongezewa (1), presha ya juu 108 (1), mapigo 112 (2) na joto 38.4 (1). Jumla ni 7, kiwango cha dharura, ingawa hakuna kipimo hata kimoja ambacho kwa chenyewe kingemshtua mtu. Huenda mzee wenu alikuwa akizama hivyo, kidogo kidogo kila upande. Tena, kipimo kimoja tu kikipata alama 3, mgonjwa atazamwe haraka hata kama jumla ni ndogo; na kuchanganyikiwa kulikoanza karibuni, ambako hupewa alama 3, monita haiwezi kutambua hali hiyo mpaka mtu aiingize kwa mkono.

Fundi wa Vifaa Tiba
Kuhusu kengele za usiku, mwaka 2013 Joint Commission ya Marekani, taasisi inayokagua ubora wa hospitali, ilitahadharisha kwamba kati ya asilimia 85 na 99 ya kengele hazihitaji hatua yoyote ya kitabibu, na mhudumu aliyezizoea huacha kuzisikia. Kabla ya kuilaumu mashine, kagueni stika za kifuani za kusoma mapigo zilizokauka, kidole chenye kipimo cha oksijeni kinachotikisika, na mipaka ya kengele iliyowekwa kiwandani ambayo hakuna aliyeirekebisha kulingana na mgonjwa. Kuzima sauti, jambo ambalo nimelikuta mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema, huificha pia kengele ya kweli.

Daktari wa Dharura
Naongeza moja linalotuhusu sana. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba, pale kipimo cha kidoleni kiliposoma asilimia 92 hadi 96, oksijeni halisi ya damu ilikuwa chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, ikilinganishwa na 3.6 kwa weupe. Kwa hiyo 93 ya kwenye skrini, kwa mgonjwa anayehema kwa shida, msiipokee kwa utulivu.

Muuguzi wa Zamu
Nashukuru. Stika zetu hubaki kifuani hadi zidondoke zenyewe, na sehemu ya kuingiza hali ya fahamu tumekuwa tukiiruka. Nitaanza na hayo zamu ya leo, kisha nitamwomba mganga mfawidhi aandike wazi ni nani apigiwe simu alama zikifika 7 saa tisa usiku.