Ukoo Wetu 🌳: Meza ya Babu, Jumamosi

JUMATANO

18:04 Rehema: Habari za jioni wapendwa. Someni hadi mwisho tafadhali. Meza ya Babu ya kuandikia, ile yenye mfuniko wa kuangusha, inahama Jumamosi saa 3 asubuhi. Ukuta inaouegemea umeingia unyevu, haiwezi kungoja mwezi ujao. Nahitaji watu 4 na mablanketi mazito 3. Jiandikisheni.

18:05 Rehema: 1. Rehema
2.
3.
4.

18:51 Rehema: Naona mmesoma watu 17.

18:58 Kassim: 2. Kassim. Na kwa kuwa inakuja kwangu, msasa na vanishi nimeshanunua. Jumapili naikwangua yote, inatoka mpya.

19:00 Mjomba Seif: Kassim, weka msasa chini.

19:04 Mjomba Seif: Uso wa meza ile si mbao nzima. Ni vinia, gamba la mbao nzuri lililogandishwa juu ya mbao ya kawaida. Gamba halifiki milimita 2, na pembeni limeshalika. Ukipiga msasa, kona hutoboka kwanza, na zikishatoboka hazirudi.

19:05 Kassim: Shikamoo Mjomba. Lakini imefifia na ina madoa.

19:09 Mjomba Seif: Marahaba. Madoa mengi yamo kwenye ule mng'aro wa juu, mbao haina neno. Chovya pamba kidogo kwenye spiriti, gusa pasipoonekana, mfano nyuma ya mguu. Ikianza kunata ndani ya dakika moja, hiyo ni shelaki. Shelaki huyeyuka kwa spiriti, hivyo hurekebishwa palepale ilipo. Safisha kwa kitambaa laini, paka nta kidogo, sugua. Ukishaifunika na vanishi hiyo ya kisasa, kuitoa ni kazi ya kuumiza vinia.

19:10 Tatu: Samahani, nani alisema inakwenda kwa Kassim?

19:12 Rehema: Tatu, hilo baadaye. Sasa hivi ni kuhamisha. Nani namba 3?

19:15 Tatu: Mimi nataka kuwepo ikifunguliwa droo ya siri 😂 tujue Babu alikuwa anamwandikia nani.

19:15 Hamisi: 😂😂😂

19:16 Mwanaidi: Bibi yuko hapa jamani 🙈

19:20 Mjomba Seif: Mkiitafuta, msichokonoe kwa kisu. Meza za namna hii, ndani ya mfuniko katikati kuna kijikabati, na pembeni yake vinguzo viwili vyembamba. Mara nyingi kinguzo ndicho uso wa kisanduku chembamba kilichosimama wima. Kivute mbele, kinyoofu. Kikikataa, acha, huenda ni pambo tu.

19:21 Hamisi: Mimi nachukua cha kushoto 😂

19:24 Rehema: Hamisi, kwa kuwa upo macho, wewe ni namba 3. Na tusikilizane, yale ya mwaka wa kabati la nguo yasijirudie. Droo zote zitoke kwanza, kila moja iandikwe namba kwa karatasi, maana kila droo imerandwa kwa tundu lake. Mfuniko ufungwe kwa ufunguo.

19:25 Kassim: Ufunguo haupo.

19:28 Mjomba Seif: Basi zungushieni utepe wa kitambaa. Msitumie utepe wa gundi, mkiubandua utaondoka na shelaki, pengine na vinia. Mshike chini kabisa, kwenye fremu. Msishike ubao wa juu wala mfuniko. Msiburute: miguu imeshikwa na vipande vya mbao na gundi tu, ikikwaa inang'oka.

19:29 Kassim: Bawaba moja imeshang'oka. Niweke skrubu nene zaidi?

19:36 Mjomba Seif: Usiweke. Iling'oka kwa sababu mtu aliangusha mfuniko bila kuvuta ile mikono miwili ya mbao pembeni. Mikono ndiyo inayobeba. Bila hiyo, uzito wote na viwiko vya mwandishi huning'inia kwenye skrubu za bawaba. Skrubu nene itapasua mbao. Safisha tundu kwa keekee, ziba kwa kipande cha mbao ngumu na gundi ya wanyama ya kupasha moto, nyuzi za kipande zifuate nyuzi za mfuniko. Subiri saa 24. Toboa tundu jembamba, rudisha skrubu ya shaba ya saizi ileile. Gundi hiyo fundi wa baadaye anaweza kuilegeza kwa joto na maji. Gundi nyeupe haimwachii nafasi.

19:38 Tatu: Na vitundu vya nyuma? Si mchwa hao?

19:42 Mjomba Seif: Mchwa wa ardhini hawaachi vitundu safi vya duara. Vya milimita 1 au 2 mara nyingi ni vya wadudu wa mbao, na ni milango ya kutokea. Kula walikula kabla ya kutoka. Tandikeni karatasi nyeusi chini wiki kadhaa. Unga mweupe mpya ukianguka, wangali hai, na isiingie nyumba ya mtu kabla ya dawa. Dawa ya boroni ipakwe nyuma, chini na ndani, kwenye mbao isiyopakwa kitu. Juu ya shelaki haipenyi.

19:44 Rehema: Kwa hiyo Jumamosi isiende ndani kwa Kassim? Mjomba, hilo ungesema mapema 😩

19:47 Kassim: Ikae barazani kwangu, pakavu. Mjomba, juu kabisa kuna mbao mbichi, haina vinia wala rangi, imezungukwa na ukanda. Hapo angalau nipake vanishi?

19:53 Mjomba Seif: Hapo ndipo usipaguse kabisa. Fundi hapotezi vinia mahali patakapofunikwa. Mbao mbichi ndani ya ukanda maana yake toka siku ya kwanza kulikuwa na kabati la vitabu juu yake.

19:54 Tatu: Haya.

19:54 Tatu: Mjomba amesema mwenyewe.

19:55 Rehema: Tatu tafadhali.

20:31 Shangazi Zuhura: Nimesoma yote. Kabati lile nilipewa.

20:32 Tatu: _Ujumbe huu umefutwa_

20:40 Mjomba Seif: Tusibishane na mbao. Zuhura, pima upana wa kitako cha kabati. Kassim, pima ndani ya ukanda. Vikiwa vya seti moja, kabati litakaa ndani ya ukanda kwa nafasi ya milimita chache. Tazameni pia matundu mawili ya skrubu kwenye kitako, na maungio ya droo: mikia ya njiwa, yaani meno ya mbao yanayoumana kwenye kona, iliyokatwa kwa mkono na fundi mmoja hufanana kama mwandiko.

21:15 Mwanaidi: Bibi amesomewa yote. Amesema niandike hivi: "Vilikuja siku moja kwa mlango mmoja. Sikumpa mtu. Siku kilipotolewa cha juu nilikuwa nimelazwa. Na msasa usiiguse meza yangu."

ALHAMISI

06:48 Hamisi: 🙏

07:20 Kassim: Ndani ya ukanda sentimita 95. Msasa nimeurudisha, Bibi.

09:02 Rehema: Asante Kassim. Namba 4 bado. Na blanketi ni 1 tu.

13:37 Shangazi Zuhura: 94 na nusu. Matundu yapo mawili.

13:50 Rehema: Shangazi, gari lipite kwako kwanza Jumamosi?

16:26 Rehema: Shangazi?

20:11 Shangazi Zuhura: Vyombo vyangu vimo ndani. Nitampigia mama mwenyewe.

20:12 Rehema: Sawa Shangazi. Saa 3 asubuhi iko palepale. Bado namba 4 na mablanketi 2.