Naomba ushauri: kipimo cha siku 28 kinanigomea

Wakuu habari, niko mwaka wa mwisho chuo, napima kama kemikali ya povu ya sabuni ya maji inaoza kirahisi kwenye maji, natumia ile njia ya chupa zilizofungwa, OECD 301D (utaratibu wa kimataifa wa kupima kemikali inaozaje), siku 28 gizani. Sasa leo siku ya 14 sodiamu benzoeti ambayo ndo ya kulinganishia imeoza 41% tu wakati inatakiwa iwe imevuka 60, sabuni yenyewe ndo usiseme, 12%.

Bakteria wa kuozesha nilichota bwawa la majitaka, dumu nikalifunga kabisa, masaa mawili kwenye bodaboda juani. Halafu umeme ukikatika inkubeta (kabati la kutunza joto) inatoka nyuzi 22 inafika 29.

Je bakteria wamekufa njiani kwa kukosa hewa au ni joto? Nirudie na maji mapya au kuna namna ya kuokoa hii? Supavaiza anataka majibu mwisho wa mwezi na hela ya reajenti imekata jamani