Kuhamisha mafaili kutoka laptopu ya zamani kwenda mpya: diski ya nje, waya au mtandaoni?

Upepo_Mwanana
Wakuu, habari zenu. Nimepata laptopu mpya na nataka kuhamishia kila kitu kilichomo kwenye ya zamani: picha, kazi zangu za miaka tisa na programu. Naona njia tatu: ninunue diski ya nje, niunganishe mashine mbili kwa waya, au nipandishe kila kitu mtandaoni kisha nishushie huku. Nishike ipi? Nahitaji kumaliza kabla ya kesho jioni, ya zamani ina mtu anaisubiri.

fundi_bisibisi
Mkuu, umeuliza njia bila kutuambia mzigo. GB ngapi? Windows au Mac? Ya zamani inawaka vizuri? Matundu yake ya USB ni ya aina gani? Bila hayo tunapiga ramli tu.

Nukta_Nane
Diski ya nje, usihangaike. Mimi ndiyo njia yangu kila nikibadilisha mashine. Ila hakikisha imeandaliwa (format) kwa mfumo wa mafaili wa exFAT au NTFS. Ukiikuta ni FAT32, mfumo wa zamani, faili lolote linalozidi GB 4 litagoma kuingia hata kama nafasi ipo tele. Na unakili, usikate. Umeme ukizimika katikati ya kukata, unabaki hujui kipi kimefika na kipi kimebaki.

BintiMawimbi
Diski ya nini wakati mtandaoni kupo? Mafaili yangu yote yako huko. Nikipata mashine mpya naingia na nywila yangu, nakuta kila kitu kimenisubiri.

fundi_bisibisi
Dada, tupige hesabu. Tuseme ana GB 400 na mtandao wake unapandisha megabiti 5 kwa sekunde. Hizo ni siku zaidi ya 7, usiku na mchana, kupandisha peke yake. Yeye amesema kesho.

BintiMawimbi
Si kila mtu ana mtandao wa polepole hivyo, wa megabiti 5, kaka. Na nakala ya mtandaoni inabaki hata begi likiibwa na laptopu na diski yako humohumo.

Kasa_wa_Kina
Naomba niseme lililonipata, maana sitaki limpate mwingine. Nilipobadilisha laptopu nilinunua flashi iliyoandikwa TB 1, kwa bei ndogo kuliko zote nilizoziona. Nikanakilia folda ya picha na sauti, GB 210 hivi. Mstari wa kijani ukaenda mpaka mwisho, hakuna onyo lolote. Nikafungua folda: majina yote yapo, idadi ileile, ukubwa uleule. Nikafungua picha tatu za juu, safi kabisa. Basi nikafuta ya zamani, nikaigawa.

Wiki kadhaa baadaye nikatafuta sauti ya marehemu baba akiwaita wajukuu wake kwa majina, mmoja mmoja. Jina la faili lilikuwepo. Nikabofya, kimya. Nikafungua picha za mwaka ule, kijivu kitupu, moja baada ya nyingine. Flashi ile ilikuwa na GB 32 tu ndani. Imepangwa idanganye kompyuta kuwa ina TB 1. Kilichozidi hapo hakikuandikwa popote, majina tu. Nikaifuata laptopu niliyoigawa, fundi akajaribu kurejesha, ikashindikana. Ilikuwa ya SSD, diski isiyozunguka, na SSD ukishafuta yenyewe husafisha ile nafasi.

Kwa hiyo ndugu yangu, diski au flashi yoyote mpya ipime kwanza kwa programu ya H2testw, au F3 kama uko kwenye Mac au Linux. Na usiguse ya zamani mpaka umefungua mafaili ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho. Fungua kweli, usitazame majina.

Upepo_Mwanana
Pole sana Kasa, hilo la sauti ya mzee limenigusa. Samahani wakuu kwa kutojieleza. Ya zamani ni Windows 10, diski ya kuzunguka ya GB 500, zilizojaa ni 380. Mpya ni Windows 11, SSD ya GB 512 ila inaonyesha 476, je nimepunjwa? Matundu ya zamani yote meusi, la bluu hakuna. Halafu kuna mlio, tik, tik, tik, nikifungua folda kubwa, mashine inaganda kama dakika moja kisha inaendelea.

fundi_bisibisi
Mkuu, hilo la mwisho ndilo ungeanza nalo! Zima mashine sasa hivi. Diski ikilia hivyo huenda iko mbioni kufa, usiizungushe bure. Matundu meusi kwa kawaida ni USB 2.0, MB 30 hadi 40 kwa sekunde, yaani kama saa 3 kwa mzigo wako. Itoe diski, iweke kwenye kasha la nje la diski za SATA lenye USB 3.0, ile ya kasi zaidi, ichomeke kwenye mpya. Anza na picha na kazi. Filamu mwisho.

Nukta_Nane
Hujapunjwa. Kiwanda kinahesabu kwa 1000, Windows inahesabu kwa 1024. Baiti bilioni 512 ndizo hizo 476.

Kebo_Ndefu
Mimi bado nasimama na waya wa mtandao. Unachomeka mashine kwa mashine, gigabiti 1 kwa sekunde, unapata mpaka MB 110 kwa sekunde, hufungui skrubu hata moja. Tumia robocopy, amri ya kunakili iliyomo ndani ya Windows, na uweke /R:1 /W:1, yaani irudie mara 1 na ingoje sekunde 1. Usipoweka, ikikutana na faili bovu itarudia mara milioni 1, ikingoja sekunde 30 kila mara.

fundi_bisibisi
Kwa diski isiyo na ubovu nakubaliana nawe. Kwa hii inayolia, bado unaiwasha na Windows yake nzima juu yake, inasoma huku na kule. Ndiyo maana nasema itolewe.

Nukta_Nane
Na programu msimdanganye. Kunakili folda yake hakutoshi, nyingi lazima ziwekwe upya.

Upepo_Mwanana
Nimetoa diski, nimepata kasha. Nimechomeka, inaniomba namba ya tarakimu 48. Sijawahi kuandika namba kama hiyo maishani.

BintiMawimbi
Hiyo ni BitLocker, kufuli la Windows, diski imefungwa. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, sehemu ya vifaa, tafuta ufunguo wa urejeshaji. Mara nyingi hujihifadhi huko.

Upepo_Mwanana
Nimeupata dada, Mungu akubariki. Folda ya picha inaingia, 41%. Mlio upo ila kwa mbali. Kuna programu yangu ya hesabu, kisakinishi chake sina tena na waliotengeneza hawajibu. Kuna aliyewahi kuhamisha programu bila kisakinishi?

Kebo_Ndefu
Inahifadhi data zake folda gani? Tazama pia folda ya AppData, huwa imefichwa.

Kasa_wa_Kina
Na yule anayeisubiri laptopu mwambie asubiri kidogo. Usiifute kesho.